Umeomba kazi Dar na hakuna anayekujibu: namna ya kufuatilia

Kimya cha mwajiri hakina maana moja. Kuna kimya cha barua ambayo haikufika. Kuna kimya cha faili linalosubiri saini ya mkurugenzi aliyesafiri, na kimya cha nafasi ambayo mwenyewe alishapatikana kabla tangazo halijatoka. Kuna pia kimya cha mtu wa pili kwenye orodha, ambaye mwajiri hataki kumwachia mpaka yule wa kwanza asaini mkataba. Waombaji wengi huvichukulia vyote kuwa kitu kimoja: huyu anapiga simu kila asubuhi mpaka anazuiwa namba, yule anakata tamaa wiki ya kwanza. Kabla ya kufanya lolote, jua maombi yako yamekwama wapi.

Anza na upande wako

Kabla ya kumlaumu HR, hakikisha kwamba akikutafuta anakupata. Maombi mengi hufia hapa.

Fungua barua pepe uliyoombea kazi, tafuta neno "mailer-daemon". Hiyo ndiyo barua inayorudi pale anwani inapokosewa herufi au sanduku la mpokeaji linapojaa, na ni rahisi kuipita ukidhani ni tangazo. Kisha fungua folda ya Spam, kwa sababu mialiko ya usaili inayotumwa kwa watu wengi kwa mkupuo hutupwa huko mara nyingi. Mwisho angalia nafasi iliyobaki. Akaunti ya Gmail ya bure ina GB 15 tu, na zinagawanywa kati ya barua, Drive na picha za Google Photos. Picha za simu zikiijaza, barua mpya hazipokelewi tena; zinarudi kwa aliyezituma, na wewe hupati hata fununu.

Jambo jingine la mjini kwetu: kutumiwa maombi na kijana wa steshenari. Unafika na vyeti, anakuskania, kisha kwa haraka anatuma kutoka barua pepe ya duka. Mwajiri anabonyeza kujibu, na jibu linaingia kwenye sanduku la duka lililo Mwenge au Kariakoo, katikati ya maombi ya watu wengine mia. Kama uliomba hivyo, rudi dukani muangalie pamoja, kisha mwandikie mwajiri upya kutoka anwani yako mwenyewe na useme kwamba ndiyo ya kutumia. Siku nyingine mwambie kijana akuskanie tu, akurushie mafaili kwenye simu, utume mwenyewe.

Namba ya simu kwenye CV iwe ile ambayo laini yake imo ndani ya simu, inashika mtandao, na inapokelewa na wewe. Simu za ofisini huweza kutoka kwenye namba ya mezani inayoanza na 022, na hapa watu wengi huzikata wakidhani ni matangazo. Ukiikosa, piga ndani ya saa moja. Namba hiyo mara nyingi inaangukia mapokezi, na dada wa mapokezi hajui nani alikupigia, kwa hiyo uwe na jibu tayari: "Nimepigiwa na namba hii muda si mrefu, nadhani ni ofisi ya rasilimali watu kuhusu nafasi ya utunzaji stoo niliyoomba." Bila jina la nafasi, ataishia kukuambia usubiri.

Wadhamini nao wapigie leo. Waulize kama namba zao bado ni zile zile na kama wamepigiwa. Mwalimu wa chuo aliyebadilisha laini, au bosi wa zamani asiyepokea namba ngeni, anaweza kukwamisha ajira ambayo ilibaki hatua moja. Watajie kampuni na nafasi, ili akipigiwa asiseme "Nani huyo?"

Siku zinahesabiwa kuanzia tarehe ya kufunga

Ukiomba tarehe 2 na tangazo linafungwa tarehe 20, siku hizo 18 si za kuhesabu. Ofisi nyingi hazifungui maombi mpaka dirisha lifungwe, na kwa nafasi ya kawaida ya ofisini Posta, Masaki au Mikocheni maombi huwa mamia. Anza kuhesabu kesho yake baada ya kufungwa. Zikipita siku 10 za kazi, unaweza kuuliza kwa mara ya kwanza. Zikipita nyingine 10 bila jibu, uliza mara ya pili. Baada ya hapo iweke pembeni, upeleke nguvu kwingine. Mara ya tatu na ya nne hazikuongezei kitu. Zinamfanya mtu akumbuke jina lako kwa ubaya.

Kama tangazo lilisema watakaochaguliwa tu ndio watakaotaarifiwa, walishakuambia mapema kwamba kimya kinaweza kuwa ndilo jibu. Bado unaruhusiwa kuuliza mara moja, lakini usijenge matumaini makubwa.

Kalenda nayo ina uzito wake. Kwenye kampuni ndogo na za kati, anayeajiri ndiye huyo huyo anayeandaa mishahara. Kuanzia tarehe 23 hivi yuko kwenye hesabu za mishahara, na ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata kodi ya mishahara inatakiwa iwe imefika TRA. Barua yako ikiingia kipindi hicho inazama chini ya nyingine. Tuma kati ya tarehe 9 na 20, Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu asubuhi kuna vikao, na Ijumaa mchana watu wako msikitini au akili ziko kwenye foleni ya kurudi nyumbani. Jihadhari pia na vipindi vya sikukuu: Muungano tarehe 26 Aprili ikifuatiwa na Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, na ule mlango wa Desemba ambao ukifungwa katikati ya mwezi, wengine hawafungui mpaka baada ya Mapinduzi tarehe 12 Januari. Siku 10 za kazi zikiangukia hapo, ongeza.

Barua ya kwanza ya kufuatilia

Usiandike barua mpya kabisa. Fungua ile uliyotuma mwanzo, bonyeza kujibu, hakikisha inakwenda kwa mwajiri na si kwako mwenyewe, ili maombi yako yaonekane chini yake na HR asihangaike kuyatafuta. Tumia lugha ya tangazo. Likiwa la Kiingereza, jibu Kiingereza. Kwa Kiswahili inatosha hivi:

"Yah: Kufuatilia maombi ya nafasi ya Mhasibu Msaidizi

Ndugu Afisa Rasilimali Watu,

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Niliwasilisha maombi yangu kwa barua pepe hii tarehe 4 Machi, kabla ya tarehe ya mwisho ya 14 Machi. Naomba kufahamu mambo mawili: kama maombi yalifika yakiwa na viambatisho vyote, na kama orodha ya watakaoitwa kwenye usaili imeshakamilika. Nimeambatisha tena CV yangu kwa urahisi wa rejea. Ninaishi Tabata na naweza kufika ofisini kwenu nikitaarifiwa siku moja kabla.

Natanguliza shukrani."

Kisha jina kamili kama lilivyo kwenye vyeti, na namba ya simu.

Angalia ilivyo na maswali mawili tu ambayo mtu anaweza kuyajibu kwa mstari mmoja akiwa amesimama. Ukiuliza "naomba mrejesho kuhusu maombi yangu", unampa kazi ya kufikiri, na kazi ya kufikiri huahirishwa. Usieleze shida za nyumbani, kodi ya pango, wala miaka uliyokaa bila kazi. Anayesoma anaweza kukuonea huruma kabisa na bado asiwe na la kufanya.

Faili la CV liitwe kwa jina lako na nafasi, liwe PDF, na viambatisho vyote kwa pamoja visizidi MB 2. Vyeti vilivyopigwa picha kwa simu moja moja huweza kufika MB 15, na baadhi ya mifumo ya ofisi huvikataa.

Simu, na kwenda mwenyewe

Kuuliza mara ya pili kunaweza kuwa kwa simu: piga pale tu barua haijajibiwa kwa siku 10 za kazi, na kama tangazo halikukataza. Saa nzuri ni kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi. Tafuta mahali pa kimya. Stendi ya daladala si mahali pake, konda akiita abiria hutasikia jina la mtu uliyeunganishwa naye.

"Habari za asubuhi dada, samahani kwa usumbufu. Niliomba nafasi ya uhasibu iliyofungwa tarehe 14. Naomba kuunganishwa na anayeshughulikia ajira, nataka kujua tu kama orodha ya usaili imeshatoka."

Akikujibu "tutakupigia", usikubali kuishia hapo, wala usibishane. Uliza kwa upole: "Nashukuru. Kwa makadirio, ni wiki hii au ijayo?" Swali lenye machaguo mawili hupata jibu hata kwa mtu aliyechoka. Omba jina lake, liandike, na ukipiga tena uanze nalo.

WhatsApp itumie ikiwa tu mwajiri ndiye aliyekuandikia huko kwanza. Ujumbe wa sauti usitume.

Kwenda mwenyewe kunafaa kwa hoteli, shule binafsi, zahanati, maduka makubwa na viwanda vya Barabara ya Nyerere, Chang'ombe au Mabibo External. Kwenye majengo ya ofisi ya Posta utaishia kwa mlinzi. Ukienda, beba nakala mbili za barua ya maombi: moja unaiacha, nyingine unaomba igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo yenye muhuri ina thamani kuliko ahadi ya mdomo, kwa sababu siku ukiulizia, hakuna wa kukuambia hukuleta kitu. Mlinzi mzee mwamkie shikamoo na umweleze ulichofuata kwa kifupi. Yeye ndiye anayejua msimamizi wa zamu anaingia saa ngapi na siku gani watu huchukuliwa. Kwa vibarua vya kiwandani taarifa hupita pale getini, si kwenye barua pepe.

Serikalini usisubiri simu

Nafasi za utumishi wa umma zinazopita Sekretarieti ya Ajira zina utaratibu wake, na watu hupoteza usaili kwa kusubiri kupigiwa. Majina ya walioitwa kwenye usaili hutoka kwa tangazo la PDF kwenye tovuti ya ajira.go.tz, na akaunti yako ya Ajira Portal ndiyo ya kufuatilia hali ya maombi. Ingia angalau mara mbili kwa wiki. Pakua PDF yenyewe, tafuta jina lako kwa kada uliyoomba, na usiamini orodha iliyokatwa na kurushwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Ukiitwa kwenye usaili wa mchujo, namba ya usaili unaichukua ndani ya akaunti yako, na siku ya usaili unatakiwa kuwa na kitambulisho kinachokubalika pamoja na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa.

Jina lisipoonekana, mara nyingi tatizo ni nyaraka: barua ya maombi isiyosainiwa, hati ya matokeo iliyowekwa mahali pa cheti, au majina yanayotofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na NIDA bila kiapo cha kisheria kinachoyaunganisha. Aliyesoma nje anatakiwa vyeti vyake vihakikiwe kulingana na ngazi: TCU kwa vyuo vikuu, NECTA kwa sekondari, NACTVET kwa vyuo vya kati. Rekebisha hayo sasa, kabla ya tangazo jingine kutoka; foleni ya kurekebisha taarifa NIDA si ya siku moja.

Aliyefaulu usaili akakosa nafasi anaweza kuwekwa kwenye kanzidata na kupangiwa kituo baadaye nafasi ikitokea. Ndiyo maana mtu hukaa miezi kimya, kisha jina lake linaibuka kwenye tangazo la kuitwa kazini. Usibadilishe laini wala kusahau neno la siri la akaunti kwa sababu tu usaili ulikwisha zamani. Halmashauri nazo, zote tano za mkoa huu, haziajiri mpaka kibali cha ajira kipatikane kutoka Ofisi ya Rais, Utumishi, na kibali hakiharakishwi na simu ya mwombaji.

Kimya baada ya usaili

Hiki ndicho kinachouma zaidi, na ndicho kinachoeleweka vibaya zaidi. Umeingia chumbani, wamekusifia, wameuliza unaweza kuanza lini, halafu wiki tatu hakuna neno.

Mwajiri akimaliza usaili huwa na majina mawili au matatu. Anamwita wa kwanza, wanajadiliana mshahara. Kama huyo ana kazi, anatakiwa kutoa notisi; kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka isiyopungua siku 28. Mwajiri wake wa sasa anaweza kumwongezea mshahara abaki. Muda wote huo HR hawezi kumwambia wa pili kwamba amekosa, kwa sababu wa kwanza akirudi nyuma ndiye atakayepigiwa. Hawezi pia kumwambia amepata. Basi ananyamaza. Ukihesabu mazungumzo ya wiki moja na notisi, kimya cha wiki tano au sita kina maelezo ya kawaida kabisa. Tungependa kila HR awe muungwana wa kusema "bado hatujafunga, tuvumilie", lakini wengi hawasemi, na mwombaji anabaki kuteseka kwa jambo ambalo sentensi moja ingelimaliza.

Kwa hiyo kazi yako kama wa pili ni kuwa mtu rahisi wa kumrudia. Kabla ya kutoka chumba cha usaili, uliza: "Mnatarajia kufikia uamuzi lini, na nani atawasiliana nasi?" Andika tarehe aliyosema. Jioni hiyo au kesho yake tuma shukrani za mistari mitatu, ukitaja jambo moja mahususi mliloongea: ule mfumo wa hesabu wanaohamia, ile njia ya Mbagala wanayotaka kufungua mauzo. Tarehe waliyoahidi ikipita, subiri siku mbili za kazi, kisha uliza:

"Nakumbuka mlitarajia kufikia uamuzi kufikia tarehe 18. Naelewa mambo huweza kusogea. Bado naihitaji nafasi hii na naweza kuanza ndani ya wiki moja. Je, kuna tarehe mpya ninayoweza kuitegemea?"

Ile sehemu ya kuanza ndani ya wiki moja ina nguvu kuliko inavyoonekana. Mwajiri ambaye wa kwanza amemchezea kwa mwezi mzima anatafuta mtu wa kuziba pengo upesi.

Wakikujibu kwamba wamechukua mwingine, shukuru. Weka ukumbusho kwenye simu wa miezi mitatu baadaye, kisha tuma salamu fupi kwamba bado unapenda kufanya kazi nao. Watu huacha kazi au kuachishwa ndani ya kipindi cha majaribio, na kutangaza upya ni gharama ambayo ofisi nyingi hupenda kuikwepa.

Daftari moja

Chukua daftari la kawaida au karatasi ya Excel. Kwa kila maombi andika kampuni, nafasi na kumbukumbu namba, njia uliyotumia, tarehe ya kufunga, tarehe ya kuuliza mara ya kwanza na ya pili, uliyeongea naye, na jibu. Hifadhi tangazo lenyewe pia, kwa sababu likifungwa huondolewa mtandaoni, na ukiitwa kwenye usaili baada ya wiki sita hutakumbuka majukumu waliyoorodhesha.

Baada ya maombi 20 hivi lisome kwa jicho kali. Kama huitwi kabisa, tatizo liko kwenye CV, au unaomba nafasi zisizolingana na sifa zako. Kama unaitwa na unaishia usaili, CV yako ni nzima. Kafanye mazoezi ya kujieleza. Mtu asiye na rekodi hubadilisha CV kila wiki wakati shida yake iko kwenye usaili.

Anayejibu haraka kuliko kawaida

Anayesubiri kwa muda mrefu ni windo jepesi. Anakuja mtu kwa SMS au WhatsApp: umechaguliwa, lipia fomu, vipimo vya afya, sare au kitambulisho kwa namba hii ya simu kabla ya saa kumi. Usilipe. Tafuta jina la kampuni kwenye mfumo wa BRELA mtandaoni uone kama imesajiliwa, kisha piga namba ya ofisi uliyoipata mwenyewe, si ile aliyokupa. SMS ya kitapeli ipeleke 15040, namba ya bure ya kuripoti. Kama umeshatuma pesa, pigia mtandao wako wa simu saa hiyo hiyo ujaribu kuzuia muamala, kisha nenda kituo cha polisi na ujumbe wote ukiwa haujafutwa.

Ukipata ofa kwingine

Hapa ndipo mwajiri aliyenyamaza huweza kusema, mradi ofa iwe ya kweli na iwe kwenye maandishi. Muombe aliyekupa ofa hiyo akuachie siku mbili au tatu za kufikiri, wengi hukubali. Siku hiyo hiyo mwandikie yule aliyenyamaza, ikiwa tu uliwahi kufanyiwa usaili naye: "Nimepata ofa ninayotakiwa kuijibu kufikia Ijumaa saa sita mchana. Nafasi yenu ndiyo niliyoipendelea, hivyo naomba kujua kama kuna uwezekano wa kupata uamuzi kabla ya hapo." Mpigie pia mara moja. Ifikapo Ijumaa saa sita kama hajajibu, chukua kazi uliyopewa na usaini baada ya kusoma mshahara, muda wa majaribio na notisi.

Ukishasaini, fungua daftari, na kwa kila mwajiri aliyewahi kukuita kwenye usaili tuma mstari mmoja wa kuondoa jina lako kwenye orodha. Kuna mwombaji mwingine chini yako anayesubiri nafasi hiyo.